Msikiti wa Salia Musala

Kaka yangu alimwahidi mwanamke mmoja wa Bombo msikiti ambao haukuwepo, na kwa sababu ya msikiti huo mimi nikauona mji wa Arua kwa mara ya kwanza, ingawa nilizaliwa ndani yake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule, nangojea kwenda chuo cha ualimu. Kaka alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka moja karibu na soko. Alishona kanzu, sare za shule, na suruali za watu waliotaka kuonekana warefu. Alikuwa na mikono ya dhahabu na ulimi uliotangulia mikono. Alikwenda Bombo, mji mwingine wa Wanubi mbali kusini, kwa arusi ya binamu yetu, na katika doluka, ngoma yetu sisi Wanubi, akamwona msichana aliyekuwa akimcheka namna anavyocheza. Aliporudi Arua alishona vifungo mahali pa mifuko. Mama akajua.

Msichana yule hakuwa na mama. Alilelewa na shangazi yake, mjane, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, na neno la shangazi ndilo lililokuwa neno la ukoo. Kaka alipokwenda kumsalimu, alikuwa ametayarisha majibu juu ya kazi yake na dini yake. Shangazi hakuuliza hayo. Aliuliza, "Kwenu iko nini?"

Kaka hakuelewa.

"Hapa Bombo," akasema shangazi, "iko kambi ya zamani. Iko makaburi ya askari, babu zetu. Iko musikiti ambao mzee wangu alibeba mawe yake kwa kichwa. Mtoto wangu akitoka hapa, anakwenda kuangalia nini?"

Kaka angeweza kusema kwamba kwetu kuna upepo, kuna tumbaku, kuna vilima vinavyopendeza asubuhi. Ingetosha. Lakini alimkumbuka yule msichana akicheka, akaona upepo na tumbaku ni vitu vidogo, akanyoosha mkono kulichukua jina kubwa kuliko yote aliyowahi kuyasikia.

"Kwetu iko Salia Musala," akasema.

Salia Musala ni mahali mbele ya mji wa Koboko, panapokutana Uganda, Sudan, na nchi ambayo siku zile iliitwa Zaire. Si yeye wala mimi aliyekuwa amefika huko. Tulilijua jina tu. Lakini sikiliza jina lenyewe: msala ni mkeka wa kusalia, na hilo la mbele yake ni kusali kwenyewe. Jina kama hilo karibu linajiadhinia. Kaka aliamini, na mimi niliamini, kwamba mahali penye jina hilo hapawezi kukosa msikiti.

"Iko musikiti?" akauliza shangazi.

"Musikiti wa zamani sana, mama. Wa wazee walioshuka na bunduki kutoka Sudan."

"Basi nitakuja kuusalia. Mutu akisema kweli juu ya nyumba ya Mungu, atasema kweli na ndani ya nyumba yake. Nikiuona, mtoto ni wako. Nisipouona, tutabaki kusalimiana."

Alikuja kweli, kwa basi, baada ya mavuno. Alishuka na furushi moja, zawadi ya sukari aliyoificha ndani ya kitambaa kwa kuwa sukari siku zile ilikuwa haionekani, na msala wake wa kijani uliokunjwa na kubanwa kwapani. Msala ule tulipouona tulifurahi. Hatukujua bado.

Tulijua asubuhi ya pili. Mama alikuwa akipuliza moto wa chai uani, shangazi akiwa bado ndani, na kaka akamweleza safari ya siku ile. Mama aliinua uso wenye majivu.

"Salia Musala? Mimi nilipita pale kwenda matanga upande wa Zaire. Pale iko muhogo. Na watu wanauza samaki wa moshi."

"Na musikiti, mama?"

"Musikiti gani? Nani alijenga?"

Kaka alikaa juu ya gunia la makaa na kanzu yake nyeupe, safi, iliyopigwa pasi.

"Nimekwisha kumwambia," akasema.

"Basi mwambie tena," akasema mama, akarudi kupuliza moto.

Hakumwambia. Aliniita nyuma ya nyumba akanishika mabega. "Wewe ni mtu wa vitabu," alisema. "Leo tutamwonyesha Arua. Jiwe kwa jiwe. Mpaka jua litakapochoka. Jua likishuka, hakuna mutu anakwenda mpakani, na kesho yeye anapanda basi."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya kuonyesha mambo ya kale, kazi ambayo nadhani sijaiacha mpaka leo.

Gari lilikuwa pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa tumbaku, ambaye kaka alimlipa kwa suruali mbili. Dereva alikuwa Mlugbara, mwenyeji wa Dadamu kando ya mji, mtu mcheshi, shati lake lilinukia tumbaku kama pikapu yenyewe. Nyumbani tulichanganya Kinubi na Kiswahili, lakini kwa ajili yake siku nzima ilikwenda kwa Kiswahili chetu cha Arua, kile ambacho ndani yake kila kitu duniani "iko". Shangazi alikaa mbele. Sisi tulikaa nyuma, juu ya majani makavu.

Tulianza kilimani. Ukisimama pale juu unauona mji wote umelala chini ya miembe na mabati, na mto Enyau unapita kando yake, mwembamba, wa rangi ya chai, kama mtu anayepita msibani bila kutaka kuonekana. Mimi nilikuwa nimefua nguo katika mto ule tangu utoto. Nilijua jiwe gani linateleza. Lakini ilipobidi nimweleze mgeni, nikauona unavyojikunja kuuzunguka mji na kuelekea mbali, ambako maji yake mwishowe, nikamwambia, yanakuwa maji ya Nili, na Nili inakwenda kule walikotoka babu zetu.

"Kwa hiyo maji haya yanakwenda nyumbani," akasema shangazi.

"Ndiyo, mama."

"Yenyewe yamepata nauli." Akageuka. "Na musikiti?"

"Iko mbele, mama," akasema kaka. "Kwanza jela."

Ilibidi iwe jela, kwa sababu mji wetu umepewa jina lake. Wenyeji wanasema hivyo: zamani Wazungu walifungia watu pale, na mtu aliyeulizwa ndugu yake yuko wapi alijibu kwa Kilugbara kwamba yuko gerezani, aru-a, na jibu likageuka kuwa mji. Nilimweleza shangazi hayo mbele ya ukuta wa zamani, kwa sauti ya mwalimu. Alisikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo mtoto wangu akiolewa Arua, anaolewa jela."

Dereva alicheka mpaka akashika usukani. "Mama muzee, sisi wote tumefungwa hapa. Lakini chakula iko."

Tuliona maduka yaliyoachwa na Wahindi, ambayo majina ya wenyewe yalikuwa yakichungulia chini ya rangi mpya. Tuliona kanisa kubwa la matofali kule Ediofe, na shangazi akatembea kulizunguka polepole, akaligusa tofali moja, akasema waliojenga hawakuwa wavivu. Tuliona mti ambao kaka alidai uliwahi kufungiwa punda wa mkuu wa wilaya wa kwanza. Sijui aliutoa wapi punda yule. Kila tuliposhuka, yeye alishuka wa mwisho na kupanda wa mwisho. Alifunga kamba za viatu vyake hata nikaona aibu, maana vilikuwa vya kutumbukiza mguu, havina kamba.

Jambo la ajabu ni kwamba mimi nilikuwa nikifurahi. Kaka alikuwa akitokwa na jasho la mtu anayesubiri hukumu, na mimi nilikuwa nikiuona mji wangu ukifunguka kama sanduku la bibi. Baraza ambazo nilizipita kila siku nikienda shule zilikuwa na nguzo za mti uliochongwa. Mawe ya njia ya boma yalikuwa yamepangwa na mikono ya watu, watu wenye jina na njaa. Nilisema na kusema. Ninapokaa sasa kuandika na neno likakataa kuja, hujikumbuka nimesimama juu ya majani ya tumbaku, nikimwonyesha mjane wa Bombo mfereji wa maji ya mvua kana kwamba ni kaburi la mfalme.

Kabla ya saa sita mambo ya kale yalituishia. Kaka akamwegemea dereva dirishani akamnong'oneza kitu, na pikapu ikazunguka uwanja wa gofu, ikaingia njia ya nyuma, ikasimama mbele ya ukuta mrefu.

Shangazi alitoa kichwa. "Hii ni nyumba gani?"

"Hii, mama," kaka akasema, "ni jela."

"Jela tumeiona."

"Tuliona mbele. Hii ni nyuma yake. Historia iko pande zote."

Shangazi aliutazama ukuta. Akamtazama kaka kwa muda. Kisha akauweka msala wake vizuri juu ya magoti. "Nimeiona na nyuma," akasema. "Sasa twende kwa musikiti."

Tumaini la mwisho lilikuwa petroli, ambayo miaka ile ilipatikana kwa bahati. Kaka akauliza kwa sauti ya huzuni kama ipo ya kufika Koboko na kurudi.

"Petroli iko," akasema dereva kwa fahari. "Mpaka Juba iko."

Barabara ya Koboko ilikuwa ya udongo mwekundu, na vumbi lilitufuata kama deni. Tulipita mashamba ya mtama uliokwisha kuvunwa. Mbele yetu kilima cha Liru kikasimama kidogo kidogo, bluu kwanza, kisha kijani. Dereva alipaza sauti akimweleza shangazi kwamba mababu wa Walugbara walimalizia maisha yao juu ya vilima kama kile, na kwamba mvua huanzia pale. Shangazi akamjibu kwamba hata Bombo mvua huanzia mahali, ila hakuna aliyepauliza jina. Nyuma, kaka aliyashika magoti yake. Mara moja tu alinigeukia akaniuliza, "Alicheka ninavyocheza. Unafikiri mtu akikucheka hivyo, unampata wapi mwingine?"

Nilimfuta vumbi begani.

Koboko tulisimama kula. Kaka aliagiza nyama, na nyama ilipokuja aliila kama mtu anayesoma. Shangazi alikuwa amemaliza, amenawa, amekunywa maji.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ilikuwa ng'ombe. Wewe unaitafuna mpaka irudi ndama."

Dereva akainuka, tukaondoka.

Baada ya kijiji cha Midia njia ilikuwa nyembamba, na jua lilikuwa bado juu, halina haraka yoyote. Tulifika. Mama alikuwa amesema kweli tupu. Kulikuwa na muhogo. Kulikuwa na vibanda vya nyasi vitano au sita kwenye njia panda, wanawake wenye samaki wa moshi katika makarai, mtu mwenye sabuni za miche, na baiskeli iliyolala. Hakukuwa na mnara, wala ukuta, wala jiwe juu ya jiwe. Watu waliongea lugha nne kwa pamoja na hakuna aliyeonekana kujua kwamba yuko katika nchi tatu.

Shangazi alishuka na msala wake. Alikuwa amechoka, akatafuta pa kukaa. Kando ya njia palikuwa na kisiki kifupi cha saruji, akakifuta kwa ncha ya mtandio wake, akakikalia. Alikuwa akimtazama kaka.

Na kaka, ambaye angeweza kusema kweli pale pale, akaona mawe matatu.

Yalikuwa nyuma ya kibanda kimoja, meusi, yamekaa kwa duara. Kaka akayaendea. Akasimama katikati yake na kanzu yake, ambayo sasa ilikuwa na rangi ya barabara, akainua mkono.

"Mama," akasema, "musikiti wenyewe ulianguka zamani. Huu ndio msingi wake. Mawe matatu: moja la Uganda, moja la Sudan, moja la Zaire. Tazama yalivyoungua. Ni moto wa vita vya wazee."

Nilitazama chini. Dereva alitazama mbinguni. Kutoka kibandani akatoka mwanamke mnene, mchuuzi wa upande wa Sudan, ana sufuria ya maji mkononi na msalaba mdogo shingoni.

"Wewe mutu ya kanzu," akasema, "toka kwa jiko yangu."

Kaka hakusogea.

"Hii ni mafiga yangu. Nataka kupika chai. Unataka kupikwa wewe?"

Watu wa samaki walianza kucheka, wa kila nchi kwa lugha yake. Kaka akatoka katikati ya mafiga akiwa ameinua kanzu ili isiingie masizi, lakini ilikwisha kuingia. Mwanamke akaweka sufuria juu ya mawe, ikakaa sawasawa, kama kofia kichwani kwa mwenyewe. Kisha akamgeukia shangazi.

"Na wewe, mama. Hapo unakaa ni mpaka. Askari wakikuta watu pale wanagomba."

"Mpaka wa nini?"

"Wa yote. Hapa Uganda. Hapa Sudan. Kule Zaire. Wazungu walisimamisha hiyo kitu zamani."

Shangazi akainama, akatazama kile kisiki katikati ya miguu yake. Akakipapasa kwa mkono, upande huu na upande ule.

"Basi mimi nimekalia serikali tatu," akasema, "na sina hata pasi moja."

Hapo hata kaka angecheka, kama si kwamba alikuwa amekwisha kumkaribia na kupiga magoti vumbini. Alisema kwa Kinubi, kwa sauti ndogo, lakini nilikuwa karibu na nilisikia. "Mama, msikiti hakuna. Haukuwepo kamwe. Nilisikia jina, na moyo wangu ukajenga. Mama yetu aliniambia leo asubuhi, na nikanyamaza."

Shangazi alikunguta vumbi kwenye msala.

"Nilijua toka Arua," akasema. "Mwenye msikiti haonyeshi jela mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Kweli yako imechelewa kama basi la Bombo." Akanyanyuka. "Lakini imefika. Alasiri imeingia?"

Dereva, Mkristo, akapima jua kwa mkono wake akasema imeingia. Mwanamke wa mafiga akatoa maji ya kutawadhia kutoka kwenye mtungi wake. Ukazuka ubishi mdogo juu ya kibla, kwa kuwa kila upande wa mpaka ulikuwa na uelekeo wake, mpaka mzee mmoja wa samaki akaonyesha kwa kidole, kaskazini kukiegemea mashariki, na ubishi ukaisha. Nilingoja shangazi atandike msala wake. Hakuutandika kwa ajili yake. Aliutandika mbele, kando ya kisiki cha mpaka, akarudi nyuma kabisa akasimama nami, sisi wanawake wawili, juu ya majani ya migomba.

"Simama pale, mwanangu," akamwambia kaka. "Ulinileta kusali. Basi salisha."

Kaka akasimama juu ya msala wa kijani na kanzu yake yenye masizi. Nyuma yake, mbele yetu, wakaja mzee wa samaki, mtu wa sabuni, na vijana wawili wenye kofia waliotokea upande wa Zaire na mizigo yao, wakaiweka chini. Safu ikawa ndefu, ikawa sijui mguu wa nani uko nchi gani. Maji ya chai yalikuwa yakichemka juu ya mafiga, na mwenyewe alikuwa ameondoa kijiko ili kisipige kelele.

Tulipomaliza, kaka aliukunja msala, akaunyoosha kwa mikono miwili kumrudishia mwenyewe.

Shangazi hakuupokea. "Kaa nao," akasema. "Utauleta Bombo wewe mwenyewe, siku ya kuja kumchukua mtoto."

Alisema kwa sauti ile ile ya chini, kana kwamba anaagiza chumvi. Kaka alibaki ameunyoosha, hajui aurudishe kifuani au wapi. Yule mwanamke wa mafiga akamwekea kikombe cha chai juu ya msala, kama trei, na ndivyo alivyokunywa chai yake.

Sukari haikuwepo. Chai ilikuwa ya moto, ina harufu ya samaki wa moshi, na tuliinywa na muhogo uliochemshwa juu ya mawe yale yale ya historia. Shangazi aliuliza bei ya samaki katika nchi zote tatu, akanunua katika ile iliyokuwa rahisi.

Tuliporudi Arua jua lilikuwa linazama, sawasawa na kaka alivyoliombea tangu asubuhi. Sasa hakulihitaji. Alikuwa amelala juu ya majani ya tumbaku, msala chini ya kichwa, anapiga doluka kwa vidole juu ya bati la pikapu. Dereva akapunguza mwendo penye njia panda ya boma.

"Mama muzee," akasema, "tupite kwa jela?"

"Pita," akasema shangazi. "Mtoto ataniuliza Arua iko nini, na mimi si kama huyu bwana wake, sipendi kusema nisichokijua. Pita mbele, halafu pita na nyuma."